Kwa nini hatupigi dawa asubuhi kwenye tikiti lililotoa maua

Kazi yetu ni kupiga dawa za wadudu kwenye mashamba ya watu, na mwezi uliopita mteja wetu mmoja wa upande wa Mkuranga alinipigia simu akiwa amepandwa na hasira. Heka zake mbili za tikiti zilijaa matunda yaliyonyongeka katikati kama kibuyu, mengine yamedumaa yakiwa saizi ya embe. Alisema dawa yetu ni feki, tumemlia hela, na malipo yaliyobaki nisiyategemee. Si wa kwanza. Malalamiko ya namna hii nayapokea kila msimu, na nimechoka kuyajibu kwenye simu, mtu mmoja mmoja.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa shambani kwake, muda ambao tikiti linafungua maua. Niligeuza majani: vidukari wachache, inzi weupe wa kuhesabu. Kazi yetu ilikuwa imeshika. Kilichonishtua ni ukimya. Nilisimama kwenye tuta moja dakika kumi nikiangalia maua, nikaona nyuki mmoja tu. Nikamuuliza mlinzi. Bila kuficha akanipeleka nyuma ya kibanda, kulikuwa na bomba la kuazima na chupa ya dawa ya wadudu iliyobaki robo. Kila Jumanne na Ijumaa kijana wa kijiweni alikuwa anakuja kupiga "ya kuongezea", saa mbili mpaka saa nne asubuhi. Bosi aliona zamu zetu ziko mbalimbali mno, na yule kijana anachukua nusu ya bei yetu.

Tikiti halizai bila mdudu wa kubeba chavua. Ua dume na ua jike ni maua mawili tofauti kwenye mmea mmoja. Jike utalijua kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Chavua ya tikiti, inayotoka kwenye ua dume, ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Ua linafunguka asubuhi, mchana linafunga, na halifunguki tena. Katika saa hizo chache nyuki wanatakiwa walitembelee mara nyingi. Wakipita mara moja au mbili, chavua haienei vizuri, mbegu zinajaa upande mmoja na tunda linapinda. Wasipopita kabisa, kitunda kinageuka njano na kudondoka. Mkulima anaona vitunda vimelala chini, anasema wadudu wamezidi, anapiga tena asubuhi. Hapo ndipo hela inapopotelea: anailipia dawa, kisha analipia matunda ambayo hakuyapata.

(Kitako cha tikiti kikioza cheusi, hilo ni jambo lingine, ni maji yasiyo na mpangilio na upungufu wa kalisi. Usiwalaumu nyuki, wala usitulaumu sisi.)

Kwa hiyo kwenye mazao ya maua, yaani tikiti, tango, boga na mengine ya jamii hiyo, tunaanza kazi kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, mara nyingine tunamaliza na tochi kichwani. Ua la tikiti limeshafunga, nyuki wanarudi kwenye mizinga, na hapa Pwani upepo wa bahari unakuwa umetulia, dawa haipeperuki kwenda kwa jirani. Dawa nyingi zikikauka usiku, asubuhi madhara yake kwa nyuki yanakuwa yamepungua. Si zote. Ziko ambazo mabaki yake yanaua siku kadhaa, na hizo shamba likishachanua hatuziingizi hata usiku.

Watu wengi wanatuambia, "Lakini hii ina mkanda wa kijani, haina madhara." Mkanda wa rangi kwenye lebo unaeleza ukali wa sumu kwa binadamu. Nyekundu ni hatari sana kwako wewe unayebeba bomba, kijani ni ya chini. Nyuki hawamo kwenye hesabu hiyo. Spinosadi, dawa ya wadudu ambayo wauzaji wengi wanaisifu kuwa salama, ikiwa bado mbichi kwenye jani inaua nyuki vizuri kabisa. Soma maandishi madogo yanayotaja nyuki, na hakikisha dawa yenyewe imesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Nyingine inayonipa ugomvi na wateja ni dawa ya kumwagilia shinani, hasa yenye imidaklopridi au thiamethoksamu. Hiyo mmea unainywa, inapanda mpaka kwenye nekta na chavua. Ukiiweka jioni au usiku wa manane ni kazi bure, nyuki ataikuta ndani ya ua. Umoja wa Ulaya ulizuia mwaka 2018 dawa hizo mbili pamoja na klothianidini zisitumike nje ya vitalu nyumba (greenhouse). Hapa kwetu zinauzwa, na mteja akisisitiza apewe kwenye tikiti linalokaribia kuchanua, tunamwachia kazi yake. Tumepoteza wateja wawili kwa sababu hiyo na sijutii.

Kuchanganya dawa kwenye bomba moja ili kuokoa kibarua nako hatufanyi ovyo. Baadhi ya dawa za ukungu za kundi la triazoli zinamzuia nyuki kuivunja sumu mwilini, kwa hiyo zikikutana na dawa fulani za wadudu, kipimo ambacho angekihimili kinamuua.

Sasa bei. Vibarua wa usiku wanalipwa zaidi, na ni haki yao, kwenye majani ya tikiti kuna nyoka. Mabomba ya kiua magugu tumeyatenga, hayaguswi na dawa nyingine. Tunapima kwa kikombe chenye alama, hatukadirii kwa kifuniko. Na kabla ya yote tunakagua shamba, na ukaguzi unalipiwa hata tukikwambia usipige. Hapa ndipo watu wanahisi wameibiwa: "Nimekulipa uje uniambie hakuna kitu?" Mama mmoja wa Bagamoyo alinisema vibaya mbele ya vibarua wake kwa hilo. Tulimwekea mitego ya nzi wa matunda, msimu mzima tukapiga mara mbili tu. Mwaka uliofuata alitupa heka nyingine tatu.

Utaratibu huu tuliupata kwa uchungu. Mwaka wetu wa kwanza tulipiga shamba la maboga saa nne asubuhi, kwa sababu mteja alitaka kusafiri mchana. Ng'ambo ya njia, kwenye mikorosho, mzee mmoja alikuwa na mizinga yake. Jioni alinishika mkono bila kunigombeza, akanipeleka. Chini ya kila mlango nyuki walikuwa wamerundikana, wengine bado wanatetemeka, ulimi umetoka nje. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi minne. Asali ya msimu ule hakuipata, na mizinga mitano haikurudi kuwa na nyuki mpaka mvua za mwaka mwingine.

Yule bwana wa Mkuranga nilimwomba asimamishe kijana wake wiki tatu, basi. Mkupuo uliofuata wa maua ulishika vitunda vya mviringo mzuri. Hasara ya matunda ya kwanza haikurudi, lakini deni letu alilimaliza.

Ukitupigia simu kuomba kazi, swali letu la kwanza litakuwa mizinga ya karibu iko wapi, ya kwako au ya jirani. Tupe jibu kamili na namba ya mwenye nyuki, tumjulishe siku moja kabla. Kama hujui, tutazunguka wenyewe kuulizia, na siku hiyo bomba halishuki kwenye pikipiki.