Nafunga kibanda, lakini sipumziki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Mbagala, huu mwaka wa sita. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa tatu usiku, siku sita. Jumapili sifungui, na ndiyo siku ninayochoka kuliko zote.

Mdogo wangu ameajiriwa. Yeye sheria ya kazi ya 2004 inampa mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mimi bosi wangu ni mimi, na nimegundua nina roho mbaya.

Jumapili iliyopita alfajiri nikaloweka nguo za wiki nzima. Saa nne kikao cha vikoba, usipofika faini elfu tano. Kutoka huko, msibani mtaa wa pili. Wenzangu wanasugua masufuria; ukijikalia mkekani unaanza kusemwa, basi nami nikainama. Saa kumi ndiyo natandika jamvi uani. Usingizi haujanichukua, dirisha likagongwa: "Dada, nitolee elfu ishirini tu, mtoto anaumwa." Unamkataliaje mtu wa hivyo? Nikaamka. Nyuma yake wakaja wawili ambao hawakuwa na mgonjwa.

Mwezi uliopita nilijaribu kutoroka. Nikapanda daladala ya kupitia Kongowe mpaka Kigamboni, nikakaa ufukweni na chipsi zangu. Simu ya uwakala nilikuwa nayo kwenye pochi. Shangazi, niliangalia salio la floti, ule mtaji wa kazi ulio kwenye simu, kuliko nilivyoangalia bahari.

Ungekuwa uchovu wa miguu nisingekusumbua. Jumanne baba mmoja alitaka kuweka elfu hamsini, nikamwekea laki tano. Sifuri moja tu! Bahati ni muungwana. Hata kituoni hajafika, kasoma meseji, karudi mwenyewe. Angekuwa mwingine, mtaji ungekwenda na maji. Tangu hapo kila namba naisoma mara tatu, foleni inanung'unika. Tena zamani nilitaniana sana na wateja. Siku hizi mtu akinisalimia naona ananichelewesha.

Mume wangu anasema, "Si unakaa tu kwenye kiti kutwa?"

Sasa nawaza kuhamishia mapumziko Jumatano, siku isiyo na vikoba wala sherehe, na kumweka binti anishikie kibanda. Lakini lazima nimpe namba ya siri, na floti ikipotea deni ni langu. Nikifunga kabisa, wateja watazoea kwa jirani, hatua ishirini tu kutoka kwangu.

Wewe ungemwamini binti, au ungefunga? Na hawa wa dirishani, hasa wenye wagonjwa kweli, niwajibu nini wasione naringa?

Aliyechoka,
Mbagala, Dar es Salaam