Samaki wangu yuko edani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni kinyozi, Temeke. Kando ya kioo changu pana tangi la lita 80 lililokuwa na julido wawili, wale wembamba wenye mistari wa Ziwa Tanganyika. Mwezi uliopita dume alikufa. Tangu hapo jike kajibanza kwenye ufa wa jiwe, mkia nje. Chakula kinamwangukia puani wala hakitazami. Wateja wananitania: "Fundi, kumbe samaki naye anakaa eda?"

Aliyeniuzia ananiambia samaki hana kumbukumbu. Hapo simwelewi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Burgundy, Ufaransa, walichapisha jaribio lao: majike wa sikilidi wa aina nyingine (sikilidi ni jamii kubwa ya samaki, na julido wamo), walipotenganishwa na dume waliyemchagua wenyewe, walikawia kufungua kiboksi wasichojua kama kina chakula. Kwa lugha ya kijiweni, walikata tamaa.

Ila nami nina kosa. Maiti ya dume ilikaa nyuma ya mawe siku mbili kabla sijaiona, na mzoga ukioza hutia amonia kwenye maji. Huenda nusu ya msiba ule ilikuwa sumu tu. Nimebadilisha robo ya maji, ya bomba, niliyoyalaza kwenye ndoo ili klorini itoke. Jana alichomoza, akala punje tatu, akarudi jiweni.

Ukurasa wenu wa mifugo uwakumbuke na hawa. Kuku mmewaandika vya kutosha.

Kinyozi,
Temeke, Dar es Salaam