Pancha njia ya Natron: someni kabla hatujaondoka

Habari za jioni ndugu zangu. Mto wa Mbu hadi Engaresero, karibu na Ziwa Natron, kuna mawe makali ya volkano na miiba ya migunga. Kila gari libebe spea mbili, kompresa, jeki na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana kwenye mchanga huzama.

Usukani ukianza kuvuta upande mmoja, simama hapo hapo. Ukilazimisha kwenda bila upepo, rimu inasaga ubavu wa tairi kwa ndani, na tairi hilo haliokoleki tena.

Kwa tairi zisizo na tyubu, mwiba usiuchomoe mpaka vifaa viwe mkononi. Ukiutoa mapema, tundu utalitafuta sana. Vikiwa tayari, chomoa mwiba, panua tundu, sukuma kamba ya gundi ya kuziba pancha kwa sindano yake mpaka ncha zibaki nje kama sentimita 1, chomoa sindano kwa mvuto mmoja, jaza upepo, mwagia maji ya sabuni. Yakitoka mapovu, ongeza kamba ya pili. Ubavu ukichanika msizibe, fungeni spea.

Nati zilegezwe gurudumu likiwa bado chini, zikazwe kwa kupishanisha, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50. Hili tafadhali msilipuuze: rasta (mawimbi ya matuta madogo) za njia ile hulegeza nati.