YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUBADILISHIWA WAYA ZA BREKI NA GIA

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima, ingawa nilichotendewa kwenu hakikuwa na heshima hata chembe. Karatasi ya kazi mnayo, saini ya fundi wenu mnayo, na masharti ya udhamini mliyaandika wenyewe. Sina haja ya kuwasomea.

Naanza na pale kaunta. Nilisimama na baiskeli, mwanangu kanishika mkono, nikamwomba msimamizi wenu jambo moja tu: ageuze usukani mpaka mwisho, kushoto kisha kulia, aone breki ya mbele inavyojikaza yenyewe bila mtu kugusa mkono wa breki. Akaugeuza nusu. "Mbona iko sawa?" Nikamwambia, mpaka mwisho, kaka yangu. Akajibu, "Mama, hebu mpishe mteja."

Mpishe mteja! Na mimi ni nani?

Kava, yaani lile ganda la nje ambamo waya hupita, lilikatwa fupi. Kava la zamani, kama urefu wake ulikuwa sahihi, ndilo kipimo: unalilaza sambamba na jipya, unakata. Kama halipo, unageuza usukani pande zote hadi mwisho ndipo upime, waya usivutwe, wala kava lisibaki refu likapinda ovyo na kuufanya waya uwe mzito. Fundi wenu alipima usukani ukiwa umenyooka. Nilikuwepo, nilimwona, nikanyamaza kwa kuwa niliamini anajua kazi yake.

Urefu peke yake ningeusamehe. Lakini chunguzeni ncha ya kava mliloweka kwenye breki ya mbele: nyaya nyembamba zimelala zimenyooka kama njiti za ufagio. Hilo ni kava la gia! Kava la kawaida la breki chuma chake kimezungushwa kama springi, na unene wake ni milimita 5. Hili ni la 4. Kava la gia limetengenezwa lisibonyee kwa urefu wake ili gia zikae mahali pake. Halikutengenezwa kubeba nguvu ya mtu anayebana breki kwa hofu. Likizidiwa, zile nyaya hupasua plastiki zikachomoka, na breki unaikosa papo hapo. Kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli hiyo hukaa mtoto.

Na waya wa gia nao. Mliukata kwa koleo butu, hamkuuvisha kikofia, ncha ikachanuka. Jioni ileile mliyonikabidhi baiskeli, kabla hata sijarudi kwenu kulalamika, uzi mmoja ulimchoma mwanangu kidole akinisaidia kufuta mnyororo. Kidole hicho, kikiwa kimefungwa kitambaa, ndicho nilichokuja nacho kaunta.

Narudia ya kaunta, maana hayajanitoka. Msimamizi wenu hakuniangalia usoni. Alisema "mpishe mteja" huku mkono wake umeshavuka bega langu kupokea pesa ya mtu aliyekuja kununua kengele. Pesa yangu mlishaipokea, ndiyo maana. Nikasogea pembeni na baiskeli yangu, watu wananitazama. Njiani mwanangu akaniuliza, "Mama, kwani sisi siyo wateja?" Nilikosa la kumjibu.

Nilipoanza kuandika nilitaka tu mnibadilishie kava na waya. Sasa sitaki mikono yenu iguse baiskeli yangu tena. Nataka pesa yangu yote, ya vifaa na ya ufundi. Nataka barua ya kuomba radhi yenye saini ya msimamizi huyo, si ya karani. Na nataka mwite kila mteja mliyemfungia breki kutoka kwenye bunda lile la kava, kabla hamjaitwa na daktari.

Nawapa siku 7. Kava nimelitoa mwenyewe, nimelifunga pamoja na karatasi ya kazi na picha za ncha zake. Siku ya 8 vyote vitakuwa mezani kwa wanaolinda haki za walaji, na wakichelewa, nitavipeleka mahakamani. Mkinipigia simu kunituliza sitapokea. Nijibuni kwa maandishi.

Wenu,
Mteja