Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyerithi mashine kongwe ya boti

Mpwa wangu,

Picha nimezipata, na swali lako la kama uanze kwa kuipaka mashine rangi nimelisoma. Rudisha kopo la rangi kabatini. Mashine ya boti ya miaka ya 1950 inayong'aa lakini haiwaki ni pambo la sebuleni, na babu yako hakukuachia pambo.

Halafu acha kuvuta kamba. Najua mkono unawasha, na kila mgeni anayepita hapo naye atataka kujaribu, kwa hiyo ifiche. Mashine iliyolala miaka mingi ringi zake zimekauka, na huenda kuna kutu kidogo kwenye ukuta wa silinda. Ukiivuta hivyo hivyo ikiwa kavu, unakwangua kile ambacho kingeokoka. Fungua plagi zote mbili, mimina oili nyepesi kidogo kwenye kila tundu, iache ilale, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kwa mkono, taratibu, kwa upande inakozungukia siku zote. Ikigoma, ongeza oili na subiri tena. Usilete bomba refu la kuongeza nguvu, maana kikivunjika kitu humo ndani utakitafuta mpaka uchoke.

Pistoni zikipanda na kushuka, furahi, kwa sababu tatizo lililobaki karibu lote ni uchafu na mpira. Chuma cha mashine hizi ni kigumu kufa. Tangu Ole Evinrude, mtengenezaji wa mashine za boti wa Marekani, aanze kuziuza zake mwaka 1909, mambo yanayoziwasha ni yale yale: mgandamizo, cheche, na petroli iliyochanganyika na hewa. Vinavyokufa ni vile laini: sili zinazozuia maji na oili, mipira ya petroli, impela (feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza), ngozi ya nje ya koili. Ndiyo maana siwapendi mafundi wa "badilisha kila kitu". Utanunua vipuri vya mfuko mzima na kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye platini, vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke.

Anza na cheche kabla hujagusa kabureta, ili ufanye kazi hiyo pasipo petroli karibu. Flaiwili itoe kwa pula, kifaa cha kuivutia juu, usigonge ncha ya shafti kwa nyundo. Chini yake utakuta magneto, mtambo unaozalisha umeme wa cheche: koili, kondensa na platini. Koili za miaka ile mara nyingi hupasuka ganda. Ukiona ufa, hiyo badilisha bila kubishana nami. Platini zenyewe zitaonekana safi kabisa. Usiziamini. Zikikaa muda mrefu hujenga utando mwembamba usioonekana kwa macho, na umeme mdogo wa magneto hauwezi kuupenya. Pitisha msasa laini sana kati yake mara chache, kisha bana kipande cha karatasi nyeupe ngumu katikati, ukivute. Kitatoka na mstari mweusi. Rudia kwa karatasi mpya mpaka itoke nyeupe kama ilivyoingia, kwa sababu hata alama ya kidole chako inatosha kuua cheche. Halafu pima nafasi kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia) platini zikiwa zimefunguka mwisho. Kwa mashine nyingi za Marekani za wakati huo ni inchi 0.020, yaani nusu milimita hivi. Cheche unayoitaka ni ya buluu na inasikika ikilia. Ya njano iliyolegea haitoshi.

Kabureta haina maajabu. Petroli ya zamani imegeuka gundi ndani yake. Ifungue yote, iloweke, puliza kila tundu. Usichokoe jeti, kile kitundu chembamba kinachopimia petroli, kwa waya wa chuma, utaipanua na mchanganyiko hautakaa sawa tena. Litazame boya linalodhibiti kiwango cha petroli: kama ni la koki, ile ya vizibo vya chupa, lililopakwa vanishi ya zamani, petroli ya leo yenye ethanoli huweza kuimenya vanishi hiyo, koki ikanywa petroli na boya likazama. Na kama tangi lako lina mipira miwili, usilifunge mpira mmoja wa kisasa. Mashine ya aina hiyo haina pampu ya petroli. Hewa inaingia tangini kwa mpira mmoja na kuisukuma petroli irudi kwa mwingine. Petroli yenye presha na mpira uliochanika ni moto unaosubiri, kwa hiyo hapo usibane matumizi.

Kuhusu oili, fuata kilichoandikwa kwenye mashine au tangi lake, usifuate unachosikia kwa wenye mashine mpya. Mchanganyiko wa kisasa wa 50 kwa 1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja, hauwafai wazee hawa. Nyingi za miaka hiyo zinataka 24 kwa 1, na mashine za Kiingereza za British Seagull za zamani zilikuwa zikitaka 10 kwa 1. Moshi utakuwepo. Uache.

Sehemu ya chini ndiyo itakayokutesa. Bolti za chuma zilizokaa ndani ya aluminiamu kwenye maji ya chumvi huwa zimeshikana kabisa. Pasha moto aluminiamu, si bolti: aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma, na hapo bolti hupata nafasi ya kulegea. Ukisikia inaanza kuwa laini kama inajinyonga, acha, rudisha nyuma, pasha tena. Impela weka mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwani mabawa yake yameshakunjika na hayarudi.

Usiiwashe ikiwa kavu hata kidogo "kuisikia tu". Ifunge kwenye pipa, maji yafunike pampu, halafu ndiyo uvute. Ikishakimbia kidogo, zima, iache ipoe, kaza tena bolti za hedi, kifuniko cha silinda, kisha legeza skrubu ya chini ya giaboksi utoe matone machache. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yanaingia. Agiza sili kabla hujaifunga kwenye boti.

Mjomba wako