Asante bro wa banda la gemu Mwanga

Jamani mimi natafuta kumshukuru mtu ambaye hata jina sikuwahi kulijua, sisi watoto tulimwita Bro tu, alikuwa na banda la gemu pale Mwanga, Kigoma, tivi ndogo ya kichogo na mashine ya kaseti, na umeme ukikatika hakutufukuza, anatoa magazeti yake ya gemu ya Uingereza, kava zimechanika, anasema someni sasa. Kiingereza chenyewe nani anakijua! Basi anakaa katikati yetu anafuatisha kwa kidole neno moja moja, ndo nikaiona kodi (code, yaani mpangilio wa siri wa kubonyeza vitufe) ya Contra, ile gemu ya Konami, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B, A, halafu stati, unapewa maisha 30 badala ya matatu. Umeme uliporudi akanipa padi nijaribu bure, ikakubali, banda zima kelele. Aisee kusoma Kiingereza nilianzia pale kabisa, darasani baadaye. Bro, popote ulipo, Kasulu, Ujiji au umevuka ziwa, asante sana kaka yangu, Mungu akuzidishie.