Waandike kwanza mipaka ya rais

Bwana Mhariri,

Kila Desemba 12 sisi Wakenya tunaoishi Melbourne hukusanyika kuadhimisha Jamhuri Dei. Mwaka jana nilimwalika jirani yangu, mzaliwa wa hapa, akaniuliza mbona tuna sikukuu mbili kwa tarehe moja. Nikamwambia uhuru tuliupata 1963, lakini Malkia Elizabeth akabaki mkuu wa nchi, na Gavana Mkuu akimwakilisha Nairobi. Mwaka uliofuata ndipo kiti kikakaliwa na mtu wetu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi bado."

Nyumbani wengi hudhani Waaustralia wamebaki na mfalme kwa mapenzi. Katika kura ya maoni ya Novemba 6, 1999, asilimia 45 hivi walitaka jamhuri, na majimbo yote sita yakakataa. Lakini miongoni mwa waliokataa walikuwamo wapenda jamhuri kindakindaki. Kilichowaudhi ni kwamba rais angeidhinishwa na thuluthi mbili ya wabunge, nao walitaka kumpigia kura wenyewe.

Mimi nimo katika kundi hilo. Nilipokuwa raia niliahidi utiifu kwa Australia na watu wake, mfalme hakutajwa. Mbunge wangu naye hawezi kuketi bungeni kabla ya kumwapia mfalme huyo huyo. Na binti yangu aliyezaliwa hapa, hata asome na kutumikia vipi, hatakuwa mkuu wa nchi yake, maana kiti ni cha ukoo mmoja ulioko Uingereza. Hilo linaniuma sana.

Hata hivyo sitaki haraka. Mwaka 1964 bunge letu lilibadili katiba bila kura ya maoni, Mzee Kenyatta akawa mkuu wa nchi na wa serikali kwa pamoja. Urais ule ulizidi kunenepa, na kuupunguza tulingoja hadi katiba ya 2010. Huku nako, Novemba 11, 1975, Gavana Mkuu John Kerr alimfuta kazi Waziri Mkuu Gough Whitlam, aliyekuwa na wabunge wengi katika baraza la wawakilishi. Mipaka ya mamlaka aliyotumia haijaandikwa wazi katika katiba mpaka leo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopigania jamhuri hapa ni hili: mipaka hiyo iandikwe kwanza, ibara kwa ibara, ndipo tuulizwe tena. Na rais tumchague sisi.

Mkenya,
Melbourne, Australia